Marehemu Owino Misiani na Nyimbo Zisizosahaulika

Mtu wa Pwani akitajiwa Migori na Homa Bay, huenda likamjia wazo la sukari ya Awendo, samaki wa ziwani, au jirani yake wa Changamwe ambaye kila Disemba hupanda basi kwenda kwao. Leo nataka tuzungumze juu ya mtu mmoja ambaye jirani huyo anamjua tangu utotoni, naye ni marehemu Daniel Owino Misiani. Wajaluo walimpa jina la Mfalme wa Historia. Hakuwa mwalimu wala mwandishi wa vitabu. Alikuwa mpiga gitaa.

Namtaja kwa sababu maisha yake yanagusa jambo linalozikabili nyumba nyingi zenye wazee, huku kwetu na huko kwao. Mzee hukumbuki amekula nini asubuhi, anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani, lakini ikipigwa santuri ya ujana wake anaimba ubeti baada ya ubeti bila kukosea. Wengi wetu tumeliona jambo hili na hatukujua tuliweke wapi. Maisha ya Misiani yanaweza kutusaidia kulielewa.

Misiani alizaliwa tarehe 22 Februari 1940, katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, mkoani Mara. Shirati iko upande wa Tanzania, kando ya Ziwa Victoria, karibu sana na mpaka. Ukivuka kwenda kaskazini unaingia Muhuru Bay, ambayo ni Migori. Mpaka ule waliuchora Wajerumani na Waingereza, na Wajaluo wakajikuta wako pande zote mbili, lugha moja na koo zile zile. Kwa hiyo mtoto wa Shirati akienda Migori au Homa Bay haendi ugenini. Anakwenda kwa shangazi na wajomba.

Wazazi wake walikuwa watu wa dini na walikuwa waimbaji. Uimbaji wa nyumbani ulikuwa wa kumsifu Mungu, na gitaa lilikuwa chombo cha ulevi na ngoma za usiku. Kijana alipoonyesha kulipenda gitaa, wazazi hawakupendezwa hata kidogo. Sisi wa Pwani tunaifahamu vizuri hali hiyo, kwani waimbaji wetu kadhaa wa taarabu nao walipata shida hiyo hiyo kwao kabla ya majina yao kujulikana. Hata hivyo, nyumba ile ilikuwa imekwisha kumpa kitu muhimu. Alikulia ndani ya sauti za watu wanaoimba mambo yao kwa moyo, bila kusoma kwenye karatasi.

Kitu cha pili alichokikuta ni nyatiti. Hiki ni chombo cha Wajaluo chenye nyuzi 8. Mpigaji hukaa chini, akazidonoa nyuzi kwa vidole, huku kidole gumba cha mguu kikiwa na pete ya chuma ya kugonga ubao wa chombo, na njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja anakuwa muimbaji, mpiga zeze na mpiga ngoma kwa pamoja. Mpiga nyatiti aliitwa kwenye sherehe na kwenye matanga, na kazi yake haikuwa kuburudisha peke yake. Alitaja nasaba, alimkumbusha mfiwa marehemu alikuwa mwana wa nani, aliwasifu waliofanya wema na kuwachoma waliofanya vibaya. Mahali ambapo hapakuwa na daftari, mpiga nyatiti ndiye aliyekuwa daftari.

Gitaa lilipofika kanda ya ziwa, vijana hawakuitupa nyatiti. Waliyahamisha mapigo yake kwenye gitaa, wakayadonoa kwa haraka vile vile, noti moja moja. Hapo ndipo ilipozaliwa benga. Misiani hakuwa peke yake katika kazi hiyo, kwani walikuwapo wengine kama John Ogara. Lakini jina lake ndilo lililosimama, hata nje ya nchi akaitwa babu wa benga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Misiani alivuka akaingia Kenya, na katikati ya miaka hiyo akawa na kundi lake la Victoria Boys. Majina ya kundi yalibadilika mara kadhaa, lakini lililobaki vinywani mwa watu ni Shirati Jazz. Mtu alihama kwao, na jina la kwao akatembea nalo.

Ni vizuri kueleza benga inavyokwenda, kwa sababu hapo ndipo penye siri yake. Mwimbaji anatoa ubeti, na gitaa la mbele linamfuata, kana kwamba linayarudia maneno yake kwa nyuzi. Gitaa la pili linajaza mapengo, na besi inavuma chini kwa nguvu. Sauti za kuitikia zinarudia mstari. Baada ya beti kadhaa waimbaji wananyamaza, magitaa yanaachiwa, mwendo unakaza, na watu wanajua sasa ndiyo saa ya kucheza. Wakati wa santuri ndogo wimbo uligawanywa sehemu mbili, moja upande huu na nyingine upande wa pili. Kwa hiyo msikilizaji alisimama akaigeuza sahani, akausubiri utamu uliobaki.

Ndani ya wimbo mlikuwa na majina. Katika ngoma za Wajaluo kuna desturi iitwayo pakruok. Mtu hulipa fedha, muziki ukasimamishwa kidogo, naye akajisifu, akamsifu rafiki yake, akataja kwao, ukoo wao na shemeji zake. Kisha muziki ukaendelea. Wanamuziki wa benga waliichukua desturi hiyo wakaitia ndani ya santuri, na majina ya watu wa vijiji vya Nyanza Kusini yakasikika redioni na kwenye mabaa, mpaka Mombasa.

Sasa tuangalie kichwa cha yule anayesikiliza. Ubongo hauna sanduku moja la kuwekea kumbukumbu zote. Iko sehemu ndogo ndani yake iitwayo hipokampasi, na hiyo hushughulika sana na matukio mapya: nani alikuja leo, funguo niliziweka wapi. Wimbo haulali hapo peke yake. Sauti yake inashughulikiwa na sehemu za kusikia, na mapigo yake yanaziamsha sehemu zinazoongoza mwendo wa mwili, hata kama msikilizaji ameketi kitini. Furaha au huzuni yake inazigusa sehemu za hisia, na maneno yanakwenda kwenye sehemu za lugha. Kitu kilichofungwa kwa kamba nyingi namna hiyo hakipotei kwa kukatika kamba moja.

Tena wimbo una vipimo. Mizani na kina havimruhusu mtu aweke neno lolote analotaka. Akisahau neno, lahani inamwambia lililopotea lina urefu gani, na kina kinamwambia linaishia na sauti gani. Wazee wetu walioweka tenzi ndefu vichwani waliyajua haya kwa matendo. Mtoto wa chuoni naye huanza kuzihifadhi sura kwa mahadhi kabla hajajua maana yake. Huko Kendu Bay, Homa Bay, kuna Waislamu wa asili wenye msikiti wao wa zamani, na watoto wao huhifadhi vivyo hivyo. Ndiyo njia aliyoipita mpiga nyatiti, na ndiyo njia aliyoipita Misiani kwa gitaa la umeme.

Lakini kwa nini aliitwa Mfalme wa Historia, na wapiga gitaa walikuwa wengi? Ni kwa sababu aliimba mambo mazito. Aliimba habari za Wajaluo na viongozi wao, maisha magumu, na siasa za siku alizoishi. Mara nyingi aliimba kwa fumbo. Wimbo wake wa Bim en Bim unamzungumzia nyani, na wasikilizaji hawakuhitaji kuambiwa kwamba hazungumziwi mnyama wa porini. Wakubwa nao hawakuhitaji kuambiwa. Misiani alifungwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, na kwa kuwa alizaliwa ng'ambo ya mpaka ilikuwa rahisi kumwambia kwamba si mtu wa hapa.

Fumbo lina faida nyingine mbali na kumficha mwimbaji. Jambo ambalo mtu amelifumbua mwenyewe hukaa kichwani kuliko lile alilotafuniwa, na uchunguzi wa kumbukumbu umelithibitisha hilo mara nyingi. Vijana wa Migori walikaa kuzunguka redio wakibishana nyani yule ni nani, na mabishano yale yalikuwa kazi ya kuhifadhi bila wao kujua. Kitabu cha historia kinasomwa darasani, mtihani ukipita kinafungwa. Wimbo wa Misiani ulirudiwa harusini, matangani, ndani ya gari na kwenye mtumbwi wa uvuvi, na kila uliporudiwa ulizidi kuzama.

Yote hayo yasingefaa kitu kama wimbo haukuwa mtamu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwapima watu ubongo wakisikiliza muziki waupendao wenyewe. Waliona kwamba utamu wa wimbo unapofika kileleni, ubongo hutoa dopamini, kemikali ile ile inayotoka mtu akila chakula kitamu akiwa na njaa. La kushangaza zaidi ni kwamba ilianza kutoka hata kabla ya kilele, katika sehemu nyingine ya ubongo, msikilizaji alipokuwa akingojea pahali anapopajua. Benga imejengwa juu ya kungojea huko, kwani kila mmoja anayajua magitaa yanakuja. Na dopamini haileti raha tu. Inausaidia ubongo kuhifadhi jambo lililokuja pamoja na raha hiyo. Ndiyo maana mtu anayeupenda wimbo hukumbuka mpaka nani alikaa ubavuni mwake siku alipousikia, na asiyeupenda hakumbuki kitu.

Katika miaka ya 1970 benga ilitoka kanda ya ziwa ikaenea mbali. Watayarishaji na wauzaji wa santuri walikuwa na kazi kubwa hapo, na maarufu kati yao ni Phares Oluoch Kanindo, mtu wa Nyanza Kusini ambaye baadaye alikuwa mbunge. Santuri alizozitoa zilifika hadi Zimbabwe, na watu wa huko wakauita muziki wote wa Afrika Mashariki kanindo, kwa jina lake. Moja ya nembo za santuri zake ilikuwa Sungura, na Wazimbabwe wana muziki wao uitwao sungura mpaka leo. Misiani naye alisikika Ulaya. Mwaka 1989 kampuni ya Earthworks ilitoa Uingereza sahani yake iitwayo Benga Blast!, na watu wasiojua neno moja la Kijaluo wakacheza.

Aliendelea kuimba mpaka uzeeni. Alifariki tarehe 17 Mei 2006 kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na miaka 66. Kifo chake kilikuwa cha ghafla, naye alikuwa bado kazini.

Karibu miaka ishirini imepita tangu azikwe. Waliokuwa vijana wakicheza nyimbo zake Migori, Rongo, Ndhiwa na Mbita sasa ni wazee. Watafiti wa kumbukumbu wameona jambo linalojirudia: mtu mzima akiulizwa ni nyimbo gani zinamgusa, huwa anataja zaidi zile alizozisikia tangu akiwa na miaka kumi hivi mpaka ishirini na kitu. Ndio wakati wa mapenzi ya kwanza, kazi ya kwanza na safari ya kwanza. Kwa bibi aliyezaliwa Homa Bay mwaka 1950, nyimbo hizo ni za Misiani na wenzake. Kwa aliyezaliwa mwaka huo Mombasa au Lamu zitakuwa za Juma Bhalo, Zein l'Abdin au Fundi Konde. Huwezi kumbadilishia.

Wengine kati ya wazee hao wamepatwa na maradhi ya kusahau, na yaliyo mengi zaidi ni yale yaitwayo Alzheimer. Maradhi haya huanza mapema kuishambulia ile hipokampasi, ndiyo maana ya jana husahaulika kabla ya yale ya zamani. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walitafuta kwanza sehemu za ubongo zinazofanya kazi vijana wenye afya wanaposikia nyimbo walizozijua muda mrefu. Kisha waliziangalia sehemu hizo kwa wagonjwa wa Alzheimer, wakaona zimeharibika kidogo kuliko sehemu nyingi nyingine. Huko Finland nako, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2008, watu waliopata kiharusi walisikilizishwa kila siku, kwa miezi miwili, muziki waliouchagua wenyewe. Kumbukumbu yao ya maneno ilirudi vizuri kuliko ya wale waliosikilizishwa vitabu na ya wale ambao hawakupewa kitu.

Hapa tusitie chumvi. Muziki hauiponyi Alzheimer, na mpaka sasa hakuna dawa iliyoiponya. Mzee anayeimba wimbo mzima wa Misiani huenda baada ya dakika chache akauliza tena yuko wapi. Wala muziki wowote hauwi dawa kwa kila mtu. Mwaka 1993 ilienea duniani habari kwamba kusikiliza Mozart kunaongeza akili, watu wakawanunulia watoto wachanga kanda. Utafiti wenyewe uliwahusu wanafunzi wa chuo kikuu, na faida iliyoonekana ilidumu dakika kumi na tano hivi. Wimbo unaofaa ni ule ambao mtu mwenyewe aliufurahia. Kumpigia mzee wa Karungu muziki wa kitabuni kwa sababu umesifiwa Ulaya ni kazi bure.

Hata hivyo, dakika hizo chache zina thamani kubwa, na sisi wa Pwani tuna sababu ya kulifikiria jambo hili kuliko wengine. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Kisii, ambako ni jirani na Migori na Homa Bay, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto huko Marani mwezi Oktoba 2021 kwa madai hayo hayo. Mzee mwenye maradhi ya kusahau hutoka usiku bila kujua aendako, hukutwa kwenye uwanja wa watu, husema peke yake, humkana mwanawe. Kwa asiyejua maradhi, hizo ni dalili tosha za mchawi. Kwanza huogopwa, kisha hutengwa, na aliyetengwa hana wa kumtetea.

Mjukuu aliyemwona bibi yake akiitikia wimbo, akapiga makofi kwa mizani na kutabasamu, hawezi kuogopa kwa urahisi namna hiyo. Ameshuhudia kwa macho yake kwamba mtu bado yumo ndani. Wimbo hauondoi maradhi, lakini unamrudishia mgonjwa heshima yake mbele ya watu wa nyumbani, nao humtunza wakijua wanamtunza nani.

Kwa hiyo kuna kazi ambayo haihitaji serikali wala wafadhili. Waulizeni wazee wenu, wakiwa bado na akili zao timamu, ni nyimbo gani walizipenda wakiwa vijana, ni za nani, walizisikia wapi. Ziandikeni. Nyingi zinapatikana hata kwenye simu. Aliye na santuri au kanda za zamani asizitupe wakati wa kuhama nyumba. Na mzee akianza kusahau, apelekwe hospitali kwanza, kwani kuna usahaulifu unaotokana na mambo yanayotibika, kama upungufu wa damu, matatizo ya tezi la shingo au dawa anazotumia. Baada ya hapo, mpigieni nyimbo zake kwa sauti ya wastani, kaeni naye, na mwacheni aimbe.

Owino Misiani alikatazwa gitaa na wazazi, akafungwa na wenye mamlaka kwa aliyoyaimba. Leo waliomfunga hawatajwi sana. Majina aliyoyatia ndani ya nyimbo zake bado yanatajwa Migori na Homa Bay, na baadhi ya wanaoyataja ni wazee ambao hawawezi tena kukuambia leo ni siku gani.